MAONI YETU: Mnunuzi hahongwi kwa picha ya madawati

Picha yenyewe tumeizoea. Meneja wa kampuni na mwalimu mkuu wameshika mfano wa hundi, mpana kama mlango. Nyuma yao yamepangwa madawati mapya, kila moja na nembo ubavuni, na watoto wamevalishwa fulana zinazowafika magotini. Kesho yake picha inatoka magazetini, likiwemo hili.

Kampuni huuita huo uwajibikaji kwa jamii, zikitumaini mnunuzi atalainika. Lakini mnunuzi naye ana hesabu zake, na swali lake la kwanza ni hili: madawati yamegharimu shilingi ngapi, na sherehe shilingi ngapi?

Mwaka 1999 kampuni ya sigara ya Philip Morris ilitoa misaada ya dola milioni 75 nchini Marekani, kisha ikatumia dola milioni 100 kuitangaza. Mwaka 2006 watafiti Yoon, Gürhan-Canli na Schwarz walichapisha majaribio yaliyoonyesha kuwa kampuni yenye sifa mbaya inayotumia fedha nyingi kutangaza wema kuliko kuutenda huzidi kuchafuka. Na habari za wema huo huaminika zaidi zikisemwa na mtu wa pembeni kuliko zikisemwa na kampuni yenyewe.

Walibaini jambo jingine: kampuni ya sigara ikichangia vita dhidi ya saratani, watu hushuku nia yake zaidi kuliko ikichangia mazingira. Hilo halihitaji profesa. Kiwanda kinachomwaga maji machafu mtoni kisha kikagawa katoni za maji ya chupa kijijini hakijamsaidia mtu. Wanakijiji wanataka mto wao.

Kwenye madini, hapa Tanzania tumepiga hatua. Tangu Sheria ya Madini irekebishwe mwaka 2017, mwenye leseni ya uchimbaji anatakiwa kuandaa kila mwaka mpango wa uwajibikaji kwa jamii na kukubaliana na halmashauri ya eneo lake. Mpango ulioandikwa unaweza kuulizwa: zahanati iliyoahidiwa iko wapi, na ina dawa? Picha haiulizwi kitu.

Tunashauri kampuni za sekta nyingine zifuate mkondo huo bila kungoja kulazimishwa. Zianze na mishahara ya vibarua wao na taka zao, ndipo zifike shuleni. Zikitoa msaada, ziseme umegharimu kiasi gani. Nasi waandishi tuache kuishia kwenye hafla. Turudi baada ya mwaka tuhesabu madawati yaliyobaki mazima.

Wahenga walisema tenda wema wende zako. Anayetenda akabaki kusubiri kamera anataka tangazo, na matangazo katika gazeti hili yana bei yake.