Netwaki ni neno moja, kazi zake ni tatu

Shuka stejini Kitengela, umwambie mtu wa boda unaenda kwa rafiki yako. Atakujibu: "Nitumie lokesheni." Unamtumia, mnaondoka, halafu katikati ya safari anasimama. "Bando imeisha, buda. Netwaki imenipoteza."

Sasa nikuulize wewe unayesoma: netwaki gani?

Neno hilo moja tunalibebesha mizigo mitatu. Kuna mnara, ule tunaouita busta, unaokuwezesha kupiga simu. Kuna intaneti, inayokula bando. Halafu kuna setilaiti za GPS, mali ya Marekani, zilizo kilomita 20,000 hivi juu ya kichwa chako, ambazo hazikudai hata bob. Simu yako husikiliza angalau setilaiti nne, ikapima wimbi la kila moja limechukua muda gani kufika, kisha ikapiga hesabu ya mahali uliposimama. Setilaiti haikuoni, wala haikujui. Kinachokula bando ni ramani, si GPS. Yule jamaa wa boda angepakua ramani ya Kitengela asubuhi akiwa kwa waifai, angenifikisha bila hata ember moja ya bando.

Mimi nilisomea mawasiliano ya simu hadi karo ikakatika mwaka wa pili, nikatoka. Lakini hata kabla sijatoka, nilikuwa nakariri maneno ya Kiingereza ambayo singeweza kumweleza mamangu jikoni. Nilikuwa napita mtihani, sielewi kitu.

Utasema ni maneno tu, shida iko wapi? Njoo Kajiado, kaunti ambako ranchi za jamii zimegawanywa na kuuzwa vipande vipande kwa miaka mingi. Shangazi yangu alienda kuona ploti upande wa Isinya, ile ya futi 50 kwa 100. Broka akatoa simu, akazunguka pembe zote nne, akasema, "GPS haidanganyi, mama." Shangazi akaitikia, akalipa. Alipoanza kuweka ua, jirani akaja na karatasi zake. Mpaka wangu ni huu hapa, akasema.

Sikia hesabu. Simu ya kawaida, hata ikiwa mahali peupe, inaweza kukosea kwa mita 5 hivi. Upana wa ploti hiyo ni mita 15. Yaani theluthi nzima ya upana inaweza kuwa ya mtu mwingine! Mpima ardhi aliyesajiliwa ana mitambo inayopunguza kosa hilo hadi sentimita chache. Swali la kumwokoa shangazi lilikuwa fupi tu: "Hiyo simu yako inakosea kwa mita ngapi?" Lakini nani amewahi kumwambia, kwa lugha anayoota nayo, kwamba GPS hukosea?

Na usiniambie Kiswahili hakiwezi. Setilaiti iliyorushwa kutoka pwani ya Malindi tarehe 12 Desemba 1970 iliitwa Uhuru. Yetu ya 2023 inaitwa Taifa-1. Sambaza, Fuliza, Okoa Jahazi: hayo ni maneno ya teknolojia, na nyanya yako anayajua yote. Umeona yanafanana wapi? Yote yanagusa mfuko wako. Neno la kukuuzia kitu hupata Kiswahili haraka. Neno la kukukinga husubiri.

Chukua "wingu". Picha zako hazielei hewani. Ziko kwenye diski za kompyuta za watu wengine, pengine nchi nyingine kabisa. Ukisema "nimeweka kwa wingu" unalala fofofo. Ukisema "nimeweka kwa kompyuta ya mtu," utauliza ni nani na nani ana ufunguo.

Sitaki maneno ya mtihani. Tarakilishi tuliandika kwenye insha, lakini saiba gani uliwahi kusikia mtu akiitamka? Nataka maneno yatakayotoka kwa fundi wa simu, mtu wa boda na mpima ardhi wakikaa meza moja na walimu wa Kiswahili. Hadi siku hiyo ifike, sisi tuanze na tulichonacho: mnara, intaneti, setilaiti.

Jioni ya leo mtu akikuambia netwaki imepotea, muulize ni ipi. Na akikuambia GPS haidanganyi, shika pesa yako kwanza.