Diski Kubwa, Kompyuta ya Zamani na Amana Iliyomo

Himdi zote anastahiki Allah (sw), Mola wa viumbe wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (saw), Aali zake na Sahaba zake.

Ndugu msomaji, Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu ni ya 282 ya Suratul Baqara. Aya hiyo inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Humo tunajifunza kwamba kuhifadhi maandishi ya haki za watu ni jambo la dini.

Leo, katika misikiti na madrasa zetu za Tanga, Muheza na Pangani, maandishi hayo yanazidi kuhama kutoka kwenye daftari na kuingia katika kompyuta. Hati za wakfu zilizopigwa picha, orodha za mayatima, hesabu za michango ya ujenzi, kumbukumbu za ndoa, na darsa za masheikh waliotangulia mbele ya haki zilizokuwa kwenye kanda, vyote hivyo huweza kuwamo ndani ya kompyuta moja ya mezani, ambayo mtu aliitoa sadaka baada ya kujinunulia mpya. Kompyuta hiyo ikijaa, kamati huchanga na kununua diski kubwa ya nje. Kijana wa jumuiya huichukua, akaijaza kanda na picha kwa kompyuta yake mpya nyumbani, kisha akaileta ofisini. Ikichomekwa, kompyuta ya zamani haiioni kabisa, au inaiona kipande, au inatoa ujumbe kwamba diski haijafomatiwa na kuuliza iwapo ifomatiwe sasa.

Hapo ndipo penye hatari. Anayejibu ndiyo, kwa nia njema kabisa, huenda akafuta kazi ya miezi kwa kidole kimoja. Basi tuelewe kwanza kwa nini jambo hili hutokea.

Diski imegawanywa vijumba vidogo viitwavyo sekta, ambavyo kwa desturi ya zamani kila kimoja hubeba baiti 512. Kila kijumba kina namba yake, na kompyuta hukifikia kwa namba hiyo. Chukua mfano wa Ngamiani, ambako barabara zetu huitwa kwa namba. Tuseme tarishi amepewa daftari lenye nafasi ya tarakimu mbili tu. Nyumba ya 1 hadi ya 99 atazifikia bila taabu. Nyumba ya 105 ipo na ina watu, lakini daftari lake litaandika 05, na barua yao itaangukia kwa watu wa nyumba ya tano. Kosa haliko kwa nyumba wala kwa tarishi. Daftari ndilo lililopangwa zamani, mji ulipokuwa mdogo.

Ndivyo zilivyo kompyuta. Za mwanzoni mwa miaka ya 1990 nyingi zilikomea megabaiti 528 hivi. Baadaye kikomo kikawa gigabaiti 8.4, kisha gigabaiti 137, kwa kuwa namba ya kijumba ilipewa nafasi ya biti 28 peke yake. Kanuni mpya ya biti 48 iliingia katika kiwango cha ATA-6 mwaka 2002. Windows XP ilitoka mwaka 2001 bila ya uwezo huo, ikaupata mwaka uliofuata katika kifurushi cha marekebisho kiitwacho Service Pack 1. Kwa hiyo diski ya ndani inayozidi gigabaiti 137 ikifungwa katika mashine isiyo na marekebisho hayo, huenda ikaonekana nzima siku ya kwanza. Lakini kompyuta ikifika kuandika juu ya mpaka huo, maandishi yanaweza kurudi mwanzo wa diski na kufunika yaliyokuwepo, kama barua ile iliyofika nyumba ya tano.

Kikomo kingine kimo katika jedwali lililo mwanzoni mwa diski, linaloeleza imegawanywaje. Jedwali la zamani, MBR, lina nafasi ya biti 32, nazo huishia baiti 2,199,023,255,552, yaani terabaiti 2.2 hivi. Diski kubwa zaidi ya hapo kwa kawaida huhitaji jedwali jipya liitwalo GPT. Windows XP ya kawaida, ile ya biti 32, haiwezi kulisoma jedwali hilo. Windows 7 na zilizofuata hulisoma, na Linux ya miaka ya karibuni pia hulisoma.

Sababu ya tatu ni mpangilio wa mafaili. Diski nyingi siku hizi hupangwa kwa exFAT. Windows XP isiyoongezewa sasisho la mpangilio huo haiujui, nayo hudhani diski ni tupu. Huo ujumbe wa kufomati mara nyingi hutoka hapa. Ni mfano wa mtu asiyejua Kiarabu kuushika msahafu na kusema kurasa hazina maandishi.

Sababu ya nne ni umeme. Tundu la USB 2.0 limewekewa kiwango cha miliampea 500, na baadhi ya diski za nje huhitaji zaidi. Diski hugonga kwa sauti ndogo, huonekana na kutoweka. Tumia kebo yake fupi, na ichomeke kwenye matundu ya nyuma ya kompyuta ya mezani, si kwenye kigawanyio cha matundu.

Jambo jingine ni la adabu. Diski iliyoandikwa terabaiti 1 ikionekana kuwa na gigabaiti 931, muuzaji hajakupunja. Mtengenezaji huhesabu kwa elfu, na Windows huhesabu kwa 1,024. Kiasi ni kilekile. Ama diski ya terabaiti 3 ikionekana kuwa na gigabaiti 746, hiyo ni dalili ya kikomo cha biti 32: kompyuta, au kifaa kilicho kati yake na diski, imepoteza terabaiti 2.2 na kuhesabu mabaki. Hapo usiandike chochote ndani yake. Tuchunguze kwanza, kabla ya kumdhania vibaya mfanyabiashara ambaye huenda ni Muislamu mwenzetu.

Basi tufanye nini? Kwanza, usikubali kufomati diski yenye kitu ndani yake, hata ujumbe ukijirudia mara kumi. Ichomoe kwa utaratibu. Pili, ijaribu kwenye kompyuta mpya. Ikifunguka huko na mafaili yote yapo, diski ni nzima na shida ni ya mashine ya zamani. Tatu, nakili yaliyomo mahali pengine kabla ya kugusa lolote. Nne, baada ya hapo tu, ndipo diski iandaliwe upya kwenye kompyuta mpya kwa namna ambayo ile ya zamani itaielewa: jedwali la MBR, mpangilio wa NTFS, na ukubwa usiozidi terabaiti 2. Tano, kama mnataka kufunga diski kubwa ndani ya kompyuta kuukuu, fundi aangalie kwanza kikomo cha programu yake ya kuwashia, iitwayo bayosi, na marekebisho ya mfumo endeshi, kabla ya faili hata moja kunakiliwa.

Lakini lipo swali linalotangulia hayo yote: je, tunahitaji diski kubwa kiasi hicho? Tufanye hesabu. Darsa ya saa moja, ikihifadhiwa kwa MP3 ya kilobiti 64 kwa sekunde, huchukua megabaiti 28.8. Kanda 500 za saa moja moja ni gigabaiti 14.4. Hata ukiongeza ubora mara mbili, hazifiki gigabaiti 29. Kanda zote za darsa ambazo msikiti wa mtaa umezikusanya kwa miaka mingi zinaweza kukaa kwenye diski ndogo, na nafasi ikabaki. Kinachokula nafasi ni video, na video nyingi tunazohifadhi ni za sherehe, zilizorudiwa mara tatu nne bila ya mtu kuzichambua.

Kwa hiyo rai yangu kwa kamati na kwa familia ni hii: fedha ya kununulia diski moja ya terabaiti 4 isiyosomeka ofisini, heri inunuliwe diski mbili za terabaiti 1 zinazosomeka kila mahali. Katika deni tumeamrishwa kuweka mashahidi wawili, kwa kuwa mmoja huweza kusahau. Diski nayo husahau: huanguka, huibiwa, huharibiwa na umeme unaokatika na kurudi, na hewa yetu ya pwani yenye chumvi na unyevu haiihurumii. Moja ikae ofisini, ya pili ikae nyumba nyingine kwa mtu mwaminifu, ndani ya chombo kikavu kinachofungika. Kila baada ya miezi mitatu zilinganishwe mbele ya watu wawili, na iandikwe katika daftari la kamati.

Njia hii si ngeni kwetu. Sayyidna Uthman (ra) hakuuacha msahafu ukae Madina peke yake. Aliamuru unakiliwe na nakala zikapelekwa katika miji mikuu ya Waislamu. Na hapa kwetu, Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, alioutunga Hemedi bin Abdallah al-Buhriy, tunausoma leo kwa sababu ulihifadhiwa kwa maandishi, kisha ukachapishwa na kuenea. Lau ungebaki kwa mtu mmoja, ndani ya sanduku moja, mchwa wangetosha kuumaliza.

Ndugu msomaji, kijana wako akisema kompyuta haiioni diski, usimkemee wala usimharakishe. Mwambie aichomoe polepole, aichomeke kwingine na anakili kwanza. Sauti ya sheikh aliyefariki haitarekodiwa mara ya pili, na hati ya wakfu iliyopotea huenda ikawanyima haki mayatima ambao hawajazaliwa. Hizo ni amana, nasi tutaulizwa namna tulivyozitunza.

Allah (sw) atuwafikishe katika kutunza amana zetu, na awarehemu masheikh wetu waliotangulia. Wabillahi tawfiq.