Maua ya Mchezoni na Nyuki wa Ukambani



Shule zifungapo, watoto wengi hawabanduki mbele ya mchezo wa ujenzi uitwao Minecraft. Hatusemi waachiwe bila mpaka, wala hatuoni busara ya kukataza tusichokijua. Tuketi nao kwanza, na somo jepesi la kuanzia ni maua.

Humo, kila ua lina makao yake. Alizeti humea katika mbuga zake, na zote hukabili mashariki, hata msafiri aliyepotea akajua aelekee wapi. Waridi hutafutwa msituni. Ua likichumwa hutoa rangi: alizeti manjano, waridi nyekundu. Alizeti ikinyunyiziwa unga wa mifupa hutoa alizeti ya pili, na ile ya kwanza ikabaki imesimama.

Lakini faida kubwa ya maua ni nyuki, walioingizwa mchezoni mwaka 2019. Pasipo maua, mzinga haujai asali. Na anayerina bila kuwasha moto wenye moshi chini ya mzinga huwaghadhibisha, nao humuuma.

Wenzetu wa Kitui na Makueni hawatalishangaa hilo. Huko Ukambani, mizinga ya magogo hutundikwa mitini tangu enzi za mababu, na mrina asali hupanda na moshi wake. Mvua zikinyesha migunga huchanua, nyuki wakapata chakula. Hata maembe ya Makueni huhitaji wadudu ili maua yashike matunda.

Hapa ndipo mchezo unapoachana na dunia. Mchezoni, mche hugeuka mti kwa dakika chache. Mgunga uliochomwa makaa huchukua miaka mingi kurudi, na nyuki hawamngoji mtu. Uharibifu huo ndio uliofanya kaunti ya Kitui kupiga marufuku biashara ya makaa mwaka 2018. Nasi wa pwani, tununuao makaa na asali, tumo katika hesabu hiyo.

Basi mwana akikuonyesha bustani yake, msifu, kisha umuulize: nyuki wa mtaani kwetu wanakula nini? Mpe debe kuukuu, udongo na mbegu za alizeti. Baada ya miezi miwili au mitatu atapata jibu. Qur'ani ina sura iitwayo An-Nahl, yaani Nyuki. Mdudu huyu anastahili kusomeshwa watoto.

Tukutane juma lijalo, inshallah.