Akina Baba, Likizo ya Theluji si Mashindano ya Urefu wa Mlima!



Ndugu zangu Waislamu, likizo ya majira ya baridi ikikaribia, sisi tunaoishi Ubelgiji husikia maneno yale yale baada ya swala ya Ijumaa: "Mwaka huu tunaenda Val Thorens!" Kwa nini Val Thorens? "Kwa sababu ndiyo ya juu kuliko zote Ulaya!" Basi, hoja imekwisha, pesa zimelipwa.

Nieleweke. Sisemi kuteleza kwenye theluji ni haramu. Ni mchezo mzuri, na watoto huona ukubwa wa uumbaji wa Allah. Wala sikatai kwamba huko juu theluji ni ya uhakika zaidi. Ninachopinga ni baba kuchagua mahali pa KULALA kwa ajili ya sifa, kisha sifa hiyo ilipiwe na mke, mtoto mchanga na bibi.

Tutazame hesabu. Brussels iko chini ya mita 200 kutoka usawa wa bahari. Val Thorens iko mita 2,300. Kwa kimo hicho, kila pumzi ina oksijeni pungufu kwa karibu robo. Wewe unaendesha gari zaidi ya kilometa 800, unaipandisha familia yote kwa siku moja, na kesho yake asubuhi unawapeleka kwenye lifti zinazopita mita 3,000!

Maradhi ya mwinuko huanza zaidi kuanzia mita 2,500, lakini wapo wanaoyapata chini ya hapo. Kichwa kinauma, kichefuchefu, usingizi hauji. Mtu mzima atasema. Je, mtoto wa mwaka mmoja atasema nini? Atalia, atakataa kula, na baba atasema, "Ni uchovu wa safari." Dawa ya anayezidiwa ni kumteremsha chini mara moja, si kumfunika blanketi na kusubiri asubuhi.

Wapo watakaonijibu: "Sisi watu wa milima bwana, tumezaliwa Bukavu na Kigali!" Ndugu yangu, kweli miji hiyo iko kwenye mita 1,500 hivi. Lakini mwili uliozoea mwinuko husahau baada ya wiki chache tu za kuishi chini. Wewe una miaka 15 Brussels. Na mtoto wako aliyezaliwa huku hana hata hicho cha kusahau.

Halafu tuseme ukweli kuhusu akina mama. Chumba cha huko juu ni kidogo na ghali. Baba anateleza kutwa nzima, mama amefungiwa na mtoto mchanga, anapika, anakausha soksi za watu sita. Jioni baba anarudi mashavu mekundu, anasema, "Alhamdulillah, likizo nzuri!" Nzuri kwa nani?

Njia ipo, na wala si ngumu. Katika bonde lile lile la Belleville kuna Saint-Martin-de-Belleville, mita 1,450, na Les Menuires, mita 1,800 na kitu. Vyote vimeunganishwa kwa lifti na Val Thorens. Anayetaka kimo apande mchana, ateleze, ashuke alale chini na familia yake. Theluji ya juu utaipata, na usingizi wa mtoto utaupata.

Na kabla hujalipa, jiulize haya:

1. Mjamzito, mwenye moyo au presha, na mtoto mchanga: je, daktari ameulizwa?

2. Gari: tangu Novemba 2021, sheria ya Ufaransa inataka matairi ya baridi au minyororo kwenye maeneo ya milimani, kuanzia 1 Novemba hadi 31 Machi. Unayo?

3. Bima: ukivunjika mguu kwenye njia za kuteleza, kuokolewa kunalipiwa. Bima yako inagharamia?

4. Jua: theluji mpya hurudisha hadi asilimia 80 ya miale inayounguza. Miwani na mafuta ya kukinga jua yapo kwa kila mtoto?

5. Chakula: fondue ya kienyeji hutiwa mvinyo, na tartiflette hutiwa nyama ya nguruwe. Umekodi chumba chenye jiko, na zamu ya kupika ni ya nani?

6. Swala: adhuhuri na alasiri zitawakuta mlimani. Mmepanga mtakutana wapi na saa ngapi?

Asiye na majibu haya hajapanga likizo, amenunua picha za kuwaonyesha watu. Tawakkul si kuacha kuchukua sababu. Mke na watoto ni amana, na siku ya kuulizwa hatutaulizwa tulilala mita ngapi.

Allah atujaalie safari za salama na watoto wetu warudi na afya. Amin.

Wabillahi tawfiq.