Kitabu cha zamani kilitupotezea siku 60



Wiki hii tunaanza na kukiri kosa letu wenyewe. Mama mmoja wa kikundi alizaa, mtoto akafikisha wiki 6 bila kuandikishwa kwenye biro ya leta. Akatuuliza kama bado inawezekana. Sisi tuliosoma tukafungua Code de la famille, kitabu cha sheria ya familia, kilichokaa miaka mingi katika kabati letu. Kifungu 116 kilisema siku 30. Tukamwambia: «Mama, wakati umepita, sasa ni kutafuta hukumu ya tribinali.» Aliogopa gharama, akanyamaza. Miezi ikapita. Kisha avoka mmoja akaja kutufundisha, akafungua kitabu chake: kifungu kile kile, siku 90! Siku ile alipotuuliza, mama yule alikuwa angali na karibu wiki 7 mbele yake.

Sheria yenyewe ni namba 87-010 ya tarehe 1 Agosti 1987. Ilirekebishwa kwa sheria namba 16/008 ya tarehe 15 Julai 2016. Kitabu chetu kilichapishwa mbele ya marekebisho hayo, na sisi hatukutazama.

Kwa hiyo, mama, kabla ya kutoa feranga zako, fanya hivi.

Kwanza, tazama ukurasa wa mwanzo. Tafuta tarehe zote mbili, 1987 na 2016, pamoja na maneno «modifiée et complétée», maana yake imerekebishwa na kukamilishwa.

Pili, usiamini jalada peke yake. Fungua ndani, mahali 3. Kifungu 116 kiseme siku 90 za kuandikisha mtoto. Kifungu 352 kiseme miaka 18 ya kuoa na kuolewa, kwa kijana na kwa binti. Cha zamani kilimruhusu binti wa miaka 15. Kifungu 448 kiseme mume na mke wapatane; cha zamani kilimtaka mke peke yake aombe ruhusa ya bwana yake. Kimoja kikikosea, rudisha kitabu.

Tatu, hakikisha sheria ni nzima. Kuna vitabu vyenye sheria ya 2016 peke yake. Humo mna vifungu vilivyobadilishwa tu, vingine hutaviona. Vile vidogo vyenye picha ni vizuri kwa kuanza, lakini mbele ya hakimu utaulizwa namba ya kifungu. Kama ni fotokopi, hesabu kurasa.

Nne, chagua herufi kubwa na orodha ya mambo yaliyomo, maana wengi wetu tunasoma usiku, baada ya kazi.

Tusidanganyane: kitabu kipya si asali tupu. Kifungu 444 bado kinasema mume ndiye mkuu wa nyumba. Lakini afadhali kujua sheria inavyosema leo kuliko kubishana kwa maneno ya jana.

Kitabu kiko kwa Kifaransa, na si kila mama anakisoma. Kimoja kinatosha kwa kikundi kizima, kwa feranga za AVEC. Mmoja asome, wa pili aeleze kwa Kiswahili, wa tatu aandike namba ya kifungu katika daftari.

Na mtoto yule? Kikundi kinachanga gharama za tribinali, na sisi tuliokosea tumetoa wa kwanza. Miaka michache tu naye atafika mlangoni pa darasa letu, mwalimu atamwomba cheti cha kuzaliwa. Tunataka awe nacho mkononi.

Jumamosi hii, kila mwenye kitabu cha sheria nyumbani akilete mkutanoni. Tutafungua kifungu 116 pamoja.