Faida ya nani?

Wako wanaosema ya kwamba Kolwezi inaendelea, kwa kuwa Kongo hutoa zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia. Vema. Lakini tangu 2014 watu wa Kasulo walichimba hata ndani ya nyumba zao. Na mwaka 2018 wataalamu walitangaza ya kuwa wameona kobalti nyingi katika mkojo na damu ya wenyeji, hasa watoto. Mtoto akiugua, nani analipa dawa? Si mnunuzi wa madini, ni mama auzaye muhogo. Hata mwuza samaki hutoa gharama kwanza, ndipo anataja faida. Basi anayechafua udongo na maji, yeye ndiye alipe mganga.