Mchezo Ni Wetu, Hofu Ndiyo Tuliyoagiza

Ukitaka kumtia mzazi wa Nakuru wasiwasi, mwambie kwamba mwanawe hukutana na wenzake kila Jumamosi, wakazunguka meza, mmoja akajiita mchawi, wa pili mwizi, wa tatu mpiganaji wa shoka, kisha wakarusha dadu kujua ni nani ameliwa na joka. Utapata majibu mawili, tena mara nyingi kutoka kinywa kimoja. Kwanza: hayo ni mambo ya Wazungu, Mwafrika ana muda gani wa kujifanya mtu mwingine? Pili: huo ni ushetani. Yote mawili ni upuuzi. Naanza na la pili kwa kuwa ndilo lenye makelele.

Mchezo unaosemwa, Dungeons & Dragons, ulitolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Nakala za kwanza zilikuwa 1,000, zikapangwa kwa mikono nyumbani kwa Gygax. Huyu bwana alikuwa amepoteza kazi ya bima mwaka 1970, na katika miaka hiyo alitengeneza viatu nyumbani ili familia ile. Wanaosema huu ni mchezo wa watoto wa matajiri wa Runda wajue kwamba ulitoka kwa fundi viatu.

Namna unavyochezwa si siri. Mmoja husimulia: mmefika penye mdomo wa pango, ndani kunasikika mtu akikoroma, mtafanya nini? Wengine huamua, kila mmoja kwa nafsi aliyojitwika, na dadu la pande 20 huonyesha kama hila yao imefaulu. Hakuna kufunga mabao wala kikombe. Ni hadithi ambayo wasikilizaji wana haki ya kuiingilia kati na kuipindua.

Sasa, hofu. Katika miaka ya 1980 baadhi ya makanisa na wazazi wa Marekani waliamua kwamba mchezo huu ni mlango wa kuzimu. Mwaka 1984 Jack Chick alichapisha kijitabu cha katuni kinachoonyesha wasichana wakitoka mezani moja kwa moja hadi kwenye uchawi. Kelele zilizidi hata kampuni iliyouza mchezo, ilipotoa toleo la pili mwaka 1989, ikaondoa neno shetani na kuwapa viumbe wake majina ya kubuni. Huku kwetu, mwaka 1994 Rais Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada ya shetani, chini ya Askofu Mkuu Nicodemus Kirima, na ripoti yake ikawekwa wazi mwaka 1999 ikisema ibada hiyo ipo nchini. Sidai kwamba tume iliandika habari za dadu. Ninachosema ni kwamba msamiati tunaoutumia leo kumtisha mtoto mwenye dadu, ule wa mlango uliofunguliwa na agano lililowekwa bila kujua, una mhuri wa ng'ambo. Halafu anayeutumia ndiye anayesimama kutuonya juu ya mambo ya kigeni!

Dawa nzuri ya hofu hiyo ni kusoma magazeti ya zamani ya wachezaji wenyewe. Jarida la Dragon lilianza Marekani mwaka 1976, na White Dwarf likaanza Uingereza mwaka 1977. Anayeyafungua akitafuta kafara atasinzia. Atakuta jedwali juu ya jedwali: silaha hii ina uzito gani, farasi aliyebeba mizigo anakwenda mwendo gani kwa siku, ukuta wa ngome unagharimu vipande vingapi vya dhahabu. Atakuta barua za watu wanaogombania kanuni kwa ukali wa mawakili wa kesi za mashamba. Kuanzia mwaka 1979 Dragon lilikuwa na safu nzima ya kujibu maswali ya aina hiyo. Kama shetani ndiye aliyeyahariri, basi shetani alisomea uhasibu.

Lakini kilichonivutia zaidi ni safu moja ya White Dwarf iliyoitwa Fiend Factory. Wasomaji walituma mazimwi waliyoyabuni, kila moja na sura yake, makao yake, nguvu zake na namna ya kulishinda. Yaliyopendeza yalichapishwa, na mengi yakakusanywa katika kitabu mwaka 1981. Mmoja wa waliotuma alikuwa kijana Mwingereza aitwaye Charles Stross. Leo ni mwandishi mashuhuri wa riwaya za kisayansi, na mazimwi aliyoyabuni ujanani bado yanatumika mchezoni. Gazeti lilimchukua msomaji likamfanya mtunzi, bila kumwuliza cheti.

Narudi kwa wale wa "mambo ya Wazungu." Hawa nawaalika Hyrax Hill, kilomita zipatazo 4 kutoka katikati ya jiji letu, kando ya barabara kuu ya kwenda Nairobi. Mary Leakey alichimba pale mwaka 1937 na 1938, mahali pakatangazwa kumbukumbu ya taifa mwaka 1943, na tangu 1965 pana jumba la makumbusho. Wanafunzi hupelekwa kuona makaburi na mashimo ya Wasirikwa, wakapigwa picha, wakarudi kwenye basi. Wao waombe waonyeshwe pia mbao za bao zilizochongwa katika mwamba wenyewe. Mtu aliketi pale akatoboa safu za vishimo kwenye jiwe ili acheze. Hiyo si kazi ya asubuhi moja, na hakuna njaa inayotibiwa na vishimo vile. Watu wasio na muda wa mchezo hawatoboi mwamba.

Mtaniambia bao ni hesabu, halina kujifanya. Waulizeni Wamaasai wanaocheza enkeshui, ambamo kete huhesabiwa kuwa ng'ombe. Mzee mzima anashika kokoto mkononi, anaiita ng'ombe, na akinyang'anywa anaumia kama aliyeporwa kweli. Sijui kujifanya kupi kunakoshinda huko.

Na kitendawili je? Tumekifanya kuwa zoezi la darasa la nne, alama mbili kwa jibu sahihi, tukasahau kwamba utamu wake uko kwenye kushindwa. Ukishindwa, mtegaji anadai: nipe mji. Unampa Mombasa, anakataa, kuna joto. Unampa Nakuru, anakubali. Hapo ndipo mchezo unapoanza hasa, maana sasa mji ni wake. Atasimulia alivyoingia Nakuru, alivyopokewa na wazee, alivyochinjiwa, alivyopewa nyumba inayotazama ziwa na heroe wake, na wewe uliyeshindwa ulivyosimama mlangoni kushika viatu vyake. Akiisha kukukomoa ndipo anatoa jibu. Msimulizi yupo, nafsi ya kubuni ipo, adhabu ipo, ulimwengu unaojengwa kwa maneno matupu upo. Bibi zetu waliufanya gizani bila dadu, na hakuna askofu aliyeundiwa tume kwa ajili yao.

Tofauti yetu na wale wa Dragon si kwamba wao walibuni sisi hatukubuni. Wao walichapisha. Walikuwa na mhariri aliyeamini kwamba zimwi la kijana linastahili nusu ukurasa, na wasomaji waliotunza nakala zao. Nasi tumewahi kuonja utamu huo. Magazeti ya Kiswahili yamewapa washairi ukurasa, mtu akatunga fumbo, wa mbali akamjibu kwa bahari ileile na vina vilevile, ugomvi ukaendelea toleo baada ya toleo. Waliokuwa vijana miaka ya 1960 na 1970 wanamkumbuka Lance Spearman wa jarida la African Film, mpelelezi mwenye kofia na sigara. Jarida la Joe, la Hilary Ng'weno na Terry Hirst, lilitoka mwaka 1973, likatuchekesha, likafa. Mengi ya magazeti hayo yaliishia kufungia njugu. Tulipoyafungia njugu tulisema ni ya kupoteza wakati tu, kisha leo twauliza kwa nini vijana wetu wanabuni kwa majina ya Kizungu.

Anayesema kujifanya ni jambo dogo asituambie sisi wa Nakuru. Tarehe 10 Aprili 2025 wasichana wa shule ya Butere walikuja hapa kwenye tamasha la kitaifa la maigizo na mchezo wao, Echoes of War, baada ya Mahakama Kuu kuamuru waruhusiwe kuuonyesha. Mwandishi wake, Cleophas Malala, alikuwa amekamatwa usiku uliotangulia. Polisi walirusha vitoa machozi nje ya ukumbi. Wasichana waliimba wimbo wa taifa, wakaondoka jukwaani. Tamasha hilo limekuwapo tangu 1959, na kwa miaka yote tumelipigia makofi kama burudani ya watoto. Siku ile dola lenyewe lilitangaza, kwa moshi, kwamba halikubaliani nasi.

Kwa hiyo nina ombi kwa mhariri yeyote wa Bonde la Ufa, hata wa jarida la shule lenye kurasa 8 na mashine ya kunakilia inayokwama. Tenga nusu ukurasa uwaulize wanafunzi wakuletee mazimwi ya hapa, kila moja na makao yake, nguvu zake na udhaifu wake. Malighafi haitapungua. Wazazi walewale wanaoogopa dadu ndio wanaowasimulia watoto habari za watu wanaopotea ndani ya kreta ya Menengai, na shamba la mashetani linaloonekana kule chini likiwa limelimwa, kisha halionekani. Nina zimwi langu tayari: hukaa kwenye mvuke wa Menengai, hula waliopotea njia, na huwaachilia wale tu wanaojua kumpa mji. Nalituma kwa yeyote atakayeanza, bila malipo, ila mlitaje jina langu.